Koti Lililofumuliwa Mbugangari

Mjukuu wangu Zuena,

Hatujambo, na mama yako amepona. Umeniuliza kama fundi cherehani ataweza kuishi kwa kazi yake hapa Gisenyi na mitumba hii yote.

Enzi za Wabelgiji, nikiwa msichana wa shule, marobota ya kwanza ya mitumba yalifika sokoni. Jioni moja nilimkuta baba yangu, fundi wa Mbugangari, akifumua koti alilolinunua kwa pesa yetu ya chakula.

“Fundi, we iko na wazimu?” jirani akamcheka.

“Angalia mikono ya hii koti,” baba akajibu. “Wazungu iko watu wakubwa. Nani atatupunguzia?”

Kufikia Ijumaa, muuza mitumba mwenyewe alimwekea baba benchi kando ya robota lake, awapunguzie wateja nguo. Mpaka leo nashangaa.

Bibi yako