Jambo la Kumi na Tano la Historia

Dada yangu,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje, na kama shemeji ameacha kuahirisha ile safari ya kwenda kwa daktari wa macho. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, mchana analala kama mtu aliyeajiriwa kulala, na akiamka anatulaumu kwa nini tulimwacha alale. Watoto wamefunga shule juzi, na nyumba imegeuka soko.

Hao watoto ndio walionianzishia haya. Mdogo alirudi na kazi ya likizo ya kurasa nne, akaitupa mezani na kuniuliza kama ni lazima. Nikamjibu vile vile ulivyonijibu wewe zamani, kwamba kazi si lazima, ila aibu ya siku ya kufungua shule ndiyo lazima. Akacheka, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki nimeshika karatasi zake, likizo yetu ile ikanijia yote.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na mmoja. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya baba ya kujalidi vitabu, na ili upite kati ya mashine ya kubania na marundo ya vitabu vya maktaba ilibidi utembee ubavuubavu. Harufu ya gundi ilituingia hadi kwenye mkate. Vidole vyangu vilinata kila siku, ukanibandika jina la Gundi, na mpaka leo hata mume wangu hanijui kwa jingine. Mama alikuwa ameondoka miezi mitano kabla, kwenda kufua katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa siku mbili. Aliahidi kuandika. Barua haikuja. Baba alisema posta ina mambo yake. Likizo ilipoanza wewe ulikuwa umeshaacha kuuliza, lakini ulikuwa ukipiga sare yako pasi kana kwamba imekukosea.

Mwalimu wako wa historia, yule uliyemwita Kipimajoto kwa sababu kila mwanafunzi akilalamika kuumwa alimgusa paji la uso na kumrudisha darasani, aliwapa kazi ya mambo thelathini: kumi na tano ya historia, kumi na tano ya fasihi, yasiyo kwenye kitabu cha shule. Ukagawa kazi. Wewe utafute, mimi ninakili, maana mwandiko wangu ulisomeka. Baba naye akaweka sharti lake: vitabu ni vya watu, tusome tu wakati gundi inakauka. Kwa hiyo tulisoma mbiombio, jicho moja kwenye saa.

Tuliyapata mengi. Kwamba zamani sana kulikuwa na mfalme ambaye vitabu vyake viliandikwa kwenye udongo, na adui walipochoma jumba lake, moto ule ule ukaviokoa kwa kuvikausha vikawa vigumu kama matofali. Kwamba kulikuwa na maktaba zilizofunga vitabu kwa minyororo visiibwe. Kwamba watu walikwangua maandishi kwenye ngozi ili waandike upya, na baada ya karne nyingi maneno ya kwanza yakajitokeza chini ya yale ya pili. Kwamba tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi kabla ya hizi tulizofundishwa. Kila ukipata jambo ulimsomea baba. Alisema “kumbe” bila kuinua uso, lakini sindano yake ilisimama.

Ikafika siku ya mwisho tukiwa na ishirini na tisa. Lilikosekana jambo la kumi na tano la historia, na vitabu vyote vilikuwa vimesharudishwa maktaba. Ukatoka uani kufua soksi, ukaniambia nipekue karatasi chakavu. Uliporudi nilikuwa nimeshaliandika. Nikakuambia nimelisoma kwenye ukurasa uliochanika, na kwamba baba ameutumia kuimarishia uti wa daftari la mteja.

Unalijua kwa moyo: Palikuwa na mwanamke aliyenakili vitabu vya mfalme, na binti yake alipelekwa nchi ya mbali. Akawa anakosea neno moja kwa makusudi katika kila kitabu, neno lile lile, ili vitabu vikifika huko binti ajue kwamba mama yake bado yu hai.

Kipimajoto alilisoma mbele ya darasa zima. Ulirudi nyumbani siku hiyo ukasema utasoma historia mpaka iishe. Ukaisoma kweli, na umeifundisha miaka ishirini na miwili. Sasa kitabu chako cha wanafunzi kimefika kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma prufu, zile nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapa, kimetua mezani kwangu. Mwanamke yule yuko ukurasa wa sitini na mbili, juu kabisa. Na kwenye utangulizi umeandika kwamba umemtafuta maisha yako yote, hujapata alikotajwa.

Dada, hutapata. Nilimtunga mimi.

Hakukuwa na ukurasa uliochanika. Mwanzoni nilitaka tu kazi iishe. Lakini nilipoanza kuandika nilikuwa nikimfikiria mama. Nilitaka awe ametusemesha muda wote ule, ila sisi tu ndio hatujajua pa kusoma. Nilipoona ulivyofurahi nikaogopa kukuambia, na kila mwaka uliopita ulizidi kuufunga mdomo wangu.

Jumamosi mchana nilimsomea mama ukurasa ule bila kumwambia ni wa nani. Halafu akauliza, “Na yule binti, aliliona hilo neno?” Nikamwambia haijaandikwa. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alikuwa akituandikia kila Jumapili, kwenye chumba cha kufulia, halafu anachana. Aliishia darasa la tatu. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kuona karatasi asiisahihishe, hata kijikaratasi cha kumtuma sokoni, anachora kwa penseli huku anacheka, wala hakuwa na ubaya. “Nilijua atanisahihisha mbele yenu,” mama alisema. “Wewe ulikuwa mdogo. Dada yako angeniona mjinga.”

Aliporudi baada ya miezi kumi na minne ulimpokea kama mgeni, kwa heshima zote. Sikulaumu. Unamnunulia dawa, unampigia simu kila mwezi, hujawahi kumkosea neno. Lakini hujakaa naye, Dada, na yeye anajua.

Ukurasa nimeuzuia hadi Ijumaa ijayo. Kazi yangu ni kuonyesha kosa, si kufuta maneno ya mwandishi, kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukitaka tumtoe, tutamtoa. Mimi nakuomba umhamishie kwenye sehemu ya fasihi, maana huko hatakuwa uongo. Na ukikasirika, nikasirikie mimi, nastahili.

Ila usinijibu kwa barua. Njoo. Msalimie shemeji na wanao, waambie mama yao mdogo ana vitanda viwili vitupu. Mama nimemwambia huenda ukaja, akaulizia kama bado unapenda chai isiyo na sukari. Nilimuuliza alikuwa akiandika nini kwenye barua zile, akakataa kuniambia. Alisema hayo ni ya mkubwa. Njoo umsikie mwenyewe. Mimi nimemsemea tangu nina miaka kumi na mmoja, na imetosha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gundi