Paa la Mama Halina Tundu

Jumatatu, 4 Machi

Mchana huu nililala chali juu ya paa la zahanati. Si uvivu! Nilikuwa nimeshafunga paneli ya mwisho, na bati lilikuwa na joto la kubembeleza, kama ubavu wa ng'ombe aliyeota jua. Mawingu yalikuwa yanapita kwenye paneli — si juu yake, ndani yake. Nikawaza nikizamisha mkono utatoka umelowa.

Sauti ya Msumari ikanivuta chini. Shuka! Kuna mgeni, na si wa heri.

Msumari ni mwenzangu wa karakana. Tulisoma pamoja chuo cha ufundi, tukafungua kazi pamoja, tunanuniana pamoja. Jina alipewa chuoni kwa wembamba wake na ugumu wa kichwa. Na sasa riziki yake ni kitu kisichotaka hata msumari mmoja! Nimemtania kwa hilo mpaka utani umechakaa.

Mgeni alikuwa tarishi wa mahakama. Kampuni kubwa ya sola imetushitaki. Wanasema kibano chetu ni chao. Wana hataza — serikali imewatambua kuwa ndio waliokibuni, na yeyote anayekitengeneza bila ruhusa yao ni mwizi. Mwizi! Mimi!

Kibano changu. Kipande cha chuma kisichojaza kiganja. Kinauma mgongo wa bati, paneli inakalia juu yake, basi. Hakuna drili, hakuna tundu. Mvua inapiga hodi, inakosa mlango.

Msumari alisoma, akarudia, akakaa juu ya boksi la nati. Mimi nilisikia kila neno, lakini machoni bado nina mawingu. Ndivyo nilivyo. Habari mbaya hunifikia kwa miguu, hazipandi gari.

Jumatano, 6 Machi

Habari imefika. Nimeamka nayo kifuani.

Tulikwenda kwa wakili. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro. Ngazi nzima inanuka sponji mpya, unapanda huku unasinzia. Mwanamke wa rika langu, sauti ya chini. Akisikiliza, anachora vinyumba pembeni mwa karatasi.

Akauliza, dada, cha kwanza kabisa mlikifunga wapi? Nikasema kwa Mama. Lini? Miaka mitatu nyuma. Kalamu ikasimama. Kampuni iliomba hataza baadaye kuliko hapo! Je, kuna watu walikiona? Nikacheka. Mama ni mshonaji. Miezi ile, mteja hakupimwa gauni kabla hajapandishwa kwenye kibaraza cha nyuma, ambako paa lote linaonekana, aambiwe: tazama kazi ya mwanangu, hakuna tundu!

Wakili akatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka polepole, kama taa ya betri inayokwisha.

Akaeleza. Hataza ni ya kitu kipya. Kikishaonwa na watu, si kipya tena. Tukilionyesha paa la Mama, hataza ya kampuni inaweza kufutwa. Lakini na mimi niliomba yangu mwaka jana, sivyo? Nayo itachukuliwa na mafuriko hayohayo.

Nikauliza, sasa kitakuwa cha nani?

"Cha kila mtu," akasema. Akaendelea kuchora.

Msumari alitoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeota mapaa ya mji mzima yameng'oka. Yanaelea taratibu, kila moja na paneli zake zinametameta. Watu wako chini, nyumba wazi, wanayatazama bila hofu. Mmoja anasema: yaache, yatarudi jioni.

Sikufanya kazi ya maana leo.

Jumapili, 10 Machi

Kwa Mama. Nilimkuta anapinda ukingo wa pazia, mdomo umejaa pini, kwa hiyo nilizungumza mimi tu. Nikamweleza yote.

Kibano kilizaliwa kwenye nyumba hii. Nilitaka kumfungia sola, nikaja na drili, na Mama akasimama chini ya ngazi mikono kiunoni. Utoboe paa langu? Kwanza nitoboe mimi! Nikamwambia, Mama, zitashikwa na nini, dua? Akasema hajui, fundi ni mimi. Ila nguo ya watu haitobolewi, hushikwa kwenye pindo. Niliondoka na hasira. Nilizunguka na neno hilo wiki nzima — pindo, pindo — mpaka siku moja, katikati ya kupiga mswaki, nikakiona kibano chote, kimekamilika, kimesimama kwenye povu. Msumari ndiye aliyejua kukikunja chuma kisipasuke. Bila yeye kingebaki kwenye povu.

Mama akatoa pini.

"Kwa hiyo wanasema wao ndio walioanza kuwaza?"

"Huenda waliwaza kweli, Mama. Watu wawili wanaweza kuota ndoto moja."

"Basi na waote. Lakini mimi nimelala chini ya yako."

Akarudisha pini mdomoni. Mazungumzo yamefungwa.

Jumanne, 12 Machi

Tumeitwa kwenye kampuni. Jengo la vioo — niliingia nikajikuta natembea sambamba na nafsi yangu ukutani, yeye kanyooka kuliko mimi. Wakili alikuja nasi. Wakili wao ana adabu sana. Msumari kampachika jina papo hapo: Tai. Kwa ile tai yake ndefu, na kwa macho pia.

Kabla ya maneno, Tai alitutembeza. Akafungua mlango mmoja — na hapa moyo wangu ulinisaliti. Chumba cha upepo! Feni imejaza ukuta mzima. Wanasimika kipande cha paa, wanakipulizia upepo wa kila tabia, wa kunong'ona mpaka wa tufani, wajue kitashika au kitang'oka. Waliniwashia. Nguo zikarudi nyuma, masikio yakajaa, nikafumba macho. Nilikuwa juu sana. Hakuna kesi huko juu.

Walipozima, nilikuwa natabasamu kama mtoto. Tai aliliona tabasamu lile.

Masharti yao: kesi inaondolewa. Karakana inafungwa. Mimi na Msumari tunaajiriwa, na chumba cha upepo kinakuwa changu, nilale humo niamke humo. Na tuweke sahihi kwamba wao walitangulia kukibuni.

"Ni sentensi moja tu, mama," alisema Tai kwa upole.

Sentensi moja! Mchana mzima tulipokifunga kwenye paa la Mama umo ndani yake, umekunjwa ukawa si chochote.

Nikasema nitafikiri. Msumari alikuwa ameshaitafuta kalamu.

Jumatano, 13 Machi

Tumegombana. Si kununa — kugombana.

Alisema, weka sahihi, dada yangu, nakuomba. Nikasema siwezi kuandika kwamba mchana ule haukuwapo. "Mchana!" akapiga kelele. "Mke wangu ana mimba ya mapacha, wewe una mchana! Ndoto haitiwi chumvi ikaliwa!"

Nikacheka, maana ni sentensi nzuri. Naye akacheka. Kisha kicheko kikaisha kwake kabla ya kwangu, na hapo nikajua tumeachana njia.

Alisema jambo moja la kweli. Nikilionyesha paa nitapoteza na hataza yangu, kwa hiyo napigania nini hasa? Kibano kisiwe cha mtu? Nani hupigania hivyo?

Nilitazama cheche za mashine ya jirani zikiruka juu ya ukuta. Nzuri mno. Zinazima kabla hazijafika chini.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepita mtaa wa mafundi kwa miguu. Kimya. Kampuni imewaonya wengine pia, wote waliokuwa wanajitengenezea vibano kama changu. Fundi mchomeleaji wa kona, aliyejifunza kwangu, alikuwa anavichomelea vibano vyake kwenye grili ya dirisha. Vinne vinne, migongo kwa migongo. Maua! Maua ya chuma, dirisha zima.

Nikasimama nikashangaa. Akasema, basi shemeji, angalau maua hayana hataza. Ananiita shemeji kwa mzaha tangu zamani. Leo mzaha ulikuwa na mchanga ndani.

Nilikaa kwenye kizingiti chake. Jua lilikuwa linapita kwenye maua, vivuli vyake vimetandazwa barabarani na watu wanavikanyaga bila kujua. Nikawaza mapaa yote ambayo sitayapanda, yaliyofungwa na mikono nisiyoijua. Nikayaona, yanameta mpaka mwisho wa macho. Hayakuwa yangu hata moja. Wala sikuona uchungu. Nilijisikia kama ule upepo.

Nikampigia wakili papo hapo. Tulionyeshe paa.

Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nilishawahi kuiona hataza yangu ukutani, kwenye fremu, na mhuri wake mwekundu. Leo nimeishusha — fremu ambayo sikuwahi kuitundika.

Jioni Msumari alikuja kuchukua vifaa vyake. Ameikubali kazi ya kampuni. Nilimwona usoni. Grenda ya kukatia chuma ameiacha. Ni yake, nikamkumbusha. Akasema nzito, atakuja siku nyingine. Si nzito hata kidogo.

Jumatatu, 18 Machi

Wakili amepiga simu. Kampuni hawakatai kwamba paa la Mama lina paneli tangu zamani. Wanasema vibano ndivyo vipya. Eti vya mwanzo vilikuwa vingine, vya skrubu, na hivi tumevibadilisha juzi juzi ili kupata ushahidi.

Afisa wa ofisi ya hataza atakuja Ijumaa kujionea. Wateja wa Mama watasema waliona paneli, lakini nani kati yao aliyekitazama kibano chenyewe, umbo lake, meno yake? Tuliopanda siku ile ni wawili. Mmoja ni mimi, mshitakiwa. Mwingine kampuni imemwandika kuwa shahidi wake.

Msumari.

Akisema kweli, kazi hana. Akisema uongo, sina karakana, na mafundi wote wa mtaa ule hawana kibano. Na mapacha wako njiani.

Nilipomwambia Mama, aliuliza kitu kimoja. "Atakuja mwenyewe?" Ndiyo, Mama. Akafungua kabati, akatoa kitambaa laini cha rangi ya maziwa, akaanza kukata.

Nikamuuliza, unamhonga?

"Nikuhonge wewe kwanza unyamaze. Watoto watazaliwa uchi, kesi au hakuna kesi."

Ijumaa, 22 Machi

Naandika haraka, kwenye meza ya kushonea ya Mama. Nje inamwagika.

Wamekuja asubuhi. Afisa ni mama mtu mzima, viatu vya raba, kapanda paani kama paka. Wakili wangu akamfuata, ameshika sketi. Tai alibaki chini, shingo juu. Msumari kafika kwenye gari lao, na kofia yao yenye picha ya jua. Alimsalimia Mama kwa kuinama. Mimi hakunitazama.

Juu kulikuwa na mwanga wa ajabu, wa kijani. Mji mzima umetandazwa, umenyamaza. Kwa muda nilisahau tulikuja kufanya nini. Afisa akaniuliza, nikajibu. Akaandika. Kisha akamgeukia Msumari: vibano hivi ndivyo mlivyovifunga siku ile, au ni vingine?

Msumari akachuchumaa. Akaweka kidole juu ya kimoja, akakipapasa pale chuma kinapokunjwa — pale penye ujuzi wake. Polepole, kama anayepapasa uso wa mtu aliyelala. Akafungua mdomo.

Mvua! Haikuanza kwa matone, imeanza yote kwa pamoja. Tumeteremka mbio, afisa kakumbatia faili kifuani, wakili anacheka.

Sasa tumejaa sebuleni kwa Mama, na hakuna anayemsikia mwenzake. Bati linanguruma, midomo inacheza bila sauti. Ni kama kuwa chini ya maji na watu wakavu. Tai kasimama katikati, anatazama dari. Kona hii, kona ile, juu ya kabati, juu ya cherehani. Anatafuta. Muda mrefu anatafuta hata tone moja la tundu la skrubu. Kisha ametazama viatu vyake.

Mama kamfunika Msumari taulo kichwani, anamsugua kama mtoto aliyetoka kuoga. Kampa vigauni viwili vidogo. Msumari kavishika, kimoja kila mkono, hajui aviweke wapi. Mama kainama, kamwambia kitu sikioni. Sikusikia! Kwa hii mvua! Msumari katikisa kichwa — kukataa? kulia? Mama kampiga bega kidogo, akaenda kutafuta kikombe.

Inapungua.

Imekata. Kimya chote kimeanguka mara moja, kila mtu anaona aibu kwa kimya. Maji yanatiririka kutoka kwenye ukingo, jua limeingia mpaka juu ya ukurasa huu. Afisa amesimama, kalamu mkononi. Anasema tuendelee pale tulipoishia, anataka jibu la Msumari huko huko juu, mbele ya vibano vyenyewe, na sisi wote wawili tuwepo.

Msumari ametangulia nje. Namwona dirishani. Amesimamisha ngazi, anasukuma miguu yake kwenye tope ikae. Kofia ya kampuni imo mfukoni — ameivua, au imelowa tu. Vigauni viko ndani ya shati lake, naona vinavyovimba.

Ameshika ngazi kwa mikono miwili. Ameniangalia, mara ya kwanza leo.

"Njoo upande," anasema. "Nimeishika."

Naenda