Jezi Zilizorudi Tupu

Mjukuu wangu Ouma,

Hapa Busia tupo, ila shangazi yako bado anakohoa. Unauliza kama pesa za wafadhili zitawafaa vijana wa timu ya mtaa wenu.

Wakati wa serikali ya wanajeshi hapa Uganda, wafanyabiashara wa Tororo waliichangia timu yetu jezi za mpira, na mimi ndiye niliyezifua. Kila timu ilipovuka kucheza Busia ya Kenya, wachezaji wachache walibaki huko, wakiwakimbia askari. Kocha alirudi na jezi zao, ili wengine wazivae nao wavuke. Mwishowe askari walimkamata mpakani na furushi la jezi tupu. Hakuonekana tena, na uwanja ukaota nyasi.

Mimi mpira siutazami tena. Lakini pesa hizo zipokeeni. Waliovuka, nasikia, wamezeeka. Kocha hakuzeeka.

Jaja yako