Viatu vya Caren

Maggie, hutaamini kenye kocha Kimotho amemfanyia Caren leo. Hutaamini!!

Unajua vile Caren na Mitchelle wameshare pea moja ya viatu vya kuteleza kwa barafu msimu mzima. Mmoja akitoka anavua, mwenzake anavaa vikiwa bado na joto. Hivyo ndivyo timu ya Kianda imefika fainali ya ligi ya hoki ya watoto.

Leo ni fainali, goli la ushindi ni la Caren. Picha ya kombe ikitaka kupigwa, Kimotho anamwambia, "Vua, Wakarima avae."

Wakarima! Binti ya mfadhili wa timu! Hajawahi cheza hata dakika moja!

"Vua," akarudia, mbele ya watu wote. "Wewe ngoja huko nje."

Caren akavua. Halafu akaingia kwa barafu na soksi, moja iko na shimo, akasimama kando ya kombe.

Kimotho anapiga kelele, "Toka!" Wakarima naye, ashavaa viatu, anateleza, anaanguka pwaa, anang'ang'ania mguu wa Caren.

"Nishike mkono," Caren akamwambia. "Lakini hapa sitoki."

Na picha imetoka hivyo, Maggie. Aliyevaa viatu yuko chini, mwenye soksi amesimama.