Sufuria ya Nona Imerudi Istanbul

Tanti Klara, shikamoo. Nakuomba unisikilize maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni msichana wa Istanbul, nasoma uhandisi Ankara, na nilipoondoka nyumbani nona, yaani bibi yangu, alinipa sufuria yake ya nyama, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini nisije nikapikia maziwa humo, na mwaka wa kwanza nilishika kosher, ile sheria yetu Wayahudi ya kula nyama iliyochinjwa kidini na kutoichanganya na maziwa, vizuri tu, baba akiniletea kwa treni nyama ya mchinjaji wetu, lakini mwaka wa pili nikahamia kwa Gülay, mwanafunzi mwenzangu asiye Myahudi, na huyu Gülay anapika mantı, vile vifuko vya unga vyenye nyama, anavimwagia mtindi na vitunguu saumu, harufu yake Tanti, we acha tu, nikaonja, nikarudia, mwishowe tukawa tunapikia humo humo kwenye sufuria ya nona, nyama ya bucha la mtaani, supu ya mtindi, siagi, kila kitu.

Mwezi uliopita baba akatokea bila taarifa, nyama mkononi. "Binti yangu, njaa inaniuma, nipikie." Gülay akaninong'oneza, "Mwambie basi!" Nikaisugua sufuria kwa sabuni kama mjinga, kana kwamba sabuni inasaidia, nikapika. Baba akauona ule uzi, akacheka kwa furaha, "Wananiambia mtoto akienda chuo kapotea. Waje waone wangu!" Akala, akaomba aongezwe, kisha akasema lazima mama aonje mkono wangu, akabeba mabaki ndani ya sufuria ile ile mpaka Istanbul. Sasa kila Ijumaa mama anapikia humo, nona naye anakula, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kutia kinywani kitu kisicho kosher, halafu mama ananipigia simu, "Tumekula chakula cha sufuria yako, ilikuwa kama upo nasi." Najuta, Tanti, najuta sana. Nikisema nitamvunja baba moyo, nikinyamaza wanaendelea kula. Nifanyeje?

Mwenye majuto, Ankara


Marahaba, binti yangu.

Acha kusema unamwogopea baba. Unajiogopea wewe, usipoteze zile sifa. Mantı yenyewe wala hainishtui. Tukiwakusanya vijana wetu wote walioionja wakiwa chuoni, sinagogi halitatosha. Hilo ni lako na Mungu wako. Lakini baba yako alikuwa na haki ya kukataa, na wewe ukamnyang'anya. Ungemwambia pale pale, angefoka, angekula nyanya na matango, angerudi na njaa yake. Basi! Kumbe wewe umemlisha na kumwacha akusifu juu yake.

Nakuonea huruma, sikufichi. Mzazi akikutazama kwa fahari namna ile, ulimi unakufa. Ila huruma yangu haisafishi jiko la mama yako.

Sufuria ya chuma inachemshwa majini ikatakasika, rabi wenu atawaelekeza, pamoja na miiko na vyombo vingine vilivyoguswa. Waliokula bila kujua, rabi huyo huyo atawatuliza. Gülay usimtaje kabisa, hakukushika mkono kukulazimisha. Na uamue sasa: kama bado unataka kosher, nunua kisufuria cha maziwa na mayai tu, nyama utakula ukienda kwenu. Kama hutaki tena, mwambie baba hivyo hivyo, ajue akija abebe chakula chake.

Usimwandikie ujumbe, na usimtume mama. Mpigie baba kabla ya Ijumaa, akiwa dukani kwake. Usianze kwa kulia. Akiitika tu, mwambie, "Baba, msipikie tena ile sufuria, niliichafua mimi na nikakudanganya." Huenda akakata simu. Mwache apumue kidogo, halafu mpigie tena.