Makofi Waliyompigia Mama

Kaka yangu Musyoka,

Huko pande za Wote mmeamkaje? Watoto wako sawa? Mvua imenyesha ama bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima, baridi ya huku Uingereza haijaniua. Salamu zimetosha. Sasa nisikilize, maana kwa simu unanikatia.

Mkeo Ndinda amenieleza yote. Usimkasirikie, mimi ndiye nilimbana. Kumbe mama yetu, Mwaitu, hakuteleza tu kidogo vile uliniambia. Mlimfungisha saumu! Mama mzee, mgonjwa wa sukari, mkamnyima chakula vile mchungaji wenu aliagiza, ndiyo pepo la kusahau limtoke. Na kwa vile wewe ni mtoto mwangalifu, Jumapili asubuhi ukampa dawa zake za sukari kama kawaida, na maji. Dawa bila hata kijiko cha uji. Ulidhani hiyo dawa itashusha nini, Musyoka, kama si yeye mwenyewe?

Akaanguka mbele ya kanisa, anatetemeka, jasho linamtoka, na watu wakapiga makofi. Eti pepo limetoka. Mama yetu anazimia na watu wanashangilia! Kama Ndinda hangepiga kelele apelekwe hospitali, saa hii ningekuwa natafuta tikiti ya kuja matanga.

Mwaitu hana pepo. Ni ugonjwa wa ubongo, nauona kila siku kazini. Hapa nalisha wazee wa watu, nawaogesha, nawageuza kitandani wasipate vidonda. Kuna bibi mmoja hunishika mkono asubuhi akiuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Namwambia ndiyo, wamekamuliwa, anatulia anakula mkate wake. Hakuna anayemkemea. Mwaitu naye akiuliza baba yuko wapi, mnamwambia alikufa, analia upya kila siku, halafu mnamfungia ndani mkienda shamba. Inaniuma, kaka. Inaniuma sana na sitaificha.

Nilikuomba tumtafutie mtu wa kukaa naye nyumbani. Ukakataa, eti mkeo ataonekana mvivu. Nikakuambia kuna ile nyumba ya kutunza wazee Kitui. Nimezungumza na nesi wa pale: wanapima sukari na presha, chakula ni kwa saa yake, mlangoni kuna mtu asije akapotea, na unamtembelea siku yoyote ukitaka. Ukasema Mkamba hatupi mamake, watu watatucheka. Watu gani, Musyoka? Wale wa makofi?

Ungeleta mtu nyumbani ningenyamaza. Hujaleta. Basi ni Kitui, na ni wiki hii.

Nisalimie Ndinda, mwambie ndiye ameokoa mama. Nisalimie shangazi Kalondu anayekuja kumsuka Mwaitu nywele, na hao watoto wako, waambie wamshike nyanya yao mkono akiamka. Mchungaji simtumii salamu.

Na kama ni aibu unaogopa, nipe mimi niibebe. Simama kanisani useme ni Mwende, yule wa ng'ambo anayeosha wazungu, ndiye ameamua kumtupa mama. Wanisengenye hadi wachoke. Wewe mpeleke tu, na kabla hamjatoka hapo nyumbani, hakikisha amekula.

Ni mimi dada yako,
Mwende