Mke Wangu Anadhani Nilimwimba Yeye

Mpendwa mshauri Bi Selina, naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumamosi. Mimi naitwa Uwesu, nina miaka hamsini na nane, ni fundi cherehani hapa Mchafukoge, nashona sare za shule kwenye baraza ya duka la vitambaa na mwisho wa wiki naimba kwenye bendi ya dansi, mwaka wa thelathini na moja huu, na cherehani sijaiacha hata siku moja isipokuwa bendi ilipokuwa inasafiri, na tulisafiri sana, Morogoro, Iringa, Songea, wiki tatu, wiki sita, na mke wangu Zulekha ndiye aliyekuwa anabaki na watoto wetu watatu na kukaa kwenye mashine mahali pangu, alijifunza kwa kuniangalia tu, na sare za Januari hazijawahi kuchelewa.

Sasa mwaka 1999 nilirudi kutoka Songea nikatunga wimbo unaitwa Usinyamaze, ukapendwa, unasema "usinyamaze mpenzi, ukinyamaza wanangu watakula nini, sauti yako asubuhi ndiyo inayoniambia tupo hai." Zulekha aliusikia redioni akipepeta mchele, akaacha ungo, akaja mpaka barazani akalia mbele ya wateja, akasema, "Baba Shamsa, kumbe unaniona." Mimi nikanyamaza.

Mshauri, wimbo ule niliitungia cherehani. Nilitoka stendi na begi langu, nikaisikia inaunguruma tangu kwenye kona ya mtaa, nikafurahi kwamba ni nzima, nikachukua karatasi ya kukatia kola nikaandika pale pale. Sikumfikiria mtu. Tangu siku hiyo kila harusi ukipigwa wimbo Zulekha anasimama, wenzake wanampepea na kanga, pale Kariakoo wauza vifungo wanamwita Mama Usinyamaze, na mimi naitika tu kwa kichwa. Nina nyimbo arobaini na moja, nimeimba mvua, nimeimba kondakta, nimeimba mpaka meneja wa benki, mke wangu sijamwimba hata mmoja.

Balaa ni kwamba kuna kijana ameurudia wimbo huo na sasa unapigwa kila mahali, na mtangazaji mmoja anaitwa Leticia amenialika redioni Jumamosi asubuhi nieleze kisa chake, na Zulekha ameshajishonea gauni, ameshawaambia ndugu zake Kilwa wawashe redio, na ataingia studio na mimi. Mpiga gita wetu Zakayo, ambaye ni yeye peke yake anayejua ukweli, naye amealikwa. Nikamuuliza tufanyeje, akasema, "Kaka, sema ni yeye, nani ataiuliza cherehani?" Lakini Zakayo ninavyomjua akipewa maikrofoni hajizuii. Nikisema ukweli namuaibisha mke wangu mbele ya Tanzania nzima, nikidanganya nitakuwa nimedanganya hewani kwa mdomo wangu, maana mpaka leo sijawahi kusema ni yeye, nimekaa kimya tu. Nifanye nini?

Ni mimi fundi Uwesu, Mchafukoge.

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Uwesu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka na mara ya pili nikakasirika.

Huko kukaa kimya unakojivunia ni uongo. Mtu amelia mbele yako kwa furaha isiyo yake, ukamwangalia, ukarudi kwenye kola. Usiniletee hesabu za nani alitamka na nani hakutamka.

Halafu nijibu swali moja. Ulipotoka stendi ukaisikia mashine inaunguruma tangu kwenye kona, nani alikuwa anaikanyaga? Wewe ulikuwa na begi mkononi. Cherehani ya miguu haiungurumi yenyewe, fundi, unajua kuliko mimi. Mkeo alikuwa amekaa pale, ukampita ukaenda kusifu chuma. Usidhani nimekuokoa kwa kusema hivyo. Hukumwimba yeye, na hilo lazima alisikie kwako, si kwa Zakayo.

Mwambie leo mchana, nyumbani, mkiwa wawili. Usimnunulie kitu kwanza, atajua una jambo na atawaza mwanamke mwingine. Usiseme ulikuwa utani. Sema "wimbo ule niliitungia mashine, na nimekuacha uamini miaka yote hii," kisha funga mdomo umsikilize. Kama hataki kwenda redioni, usimlazimishe. Kama atakwenda, waeleze wasikilizaji nani alishona sare ulipokuwa Songea, na umtaje kwa jina lake, si mama wa nani.

WASOMAJI WANGU

Kwa kuwa gazeti hili hutoka Jumapili, jibu hilo nilimsomea Uwesu kwa simu Alhamisi. Ijumaa akanipigia. Anasema alimwambia mkewe kama nilivyomwelekeza, na Zulekha akaendelea kutoa nyuzi kwenye gauni lake.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Baba Shamsa, ubeti wa tatu unasema nikikutia mafuta unatulia. Mimi ulinitia mafuta lini?"

Alijua wiki ile ile ya kwanza, aliposikia wimbo mpaka mwisho. Uwesu akamuuliza kwa nini hakusema. "Nilishalia mbele za watu. Na wewe ulinyamaza. Nikasema ngoja nione atanyamaza mpaka lini." Baada ya hapo, anasema Uwesu, mkewe aliingia ndani akafunga mlango, na hakutoka mpaka alasiri.

Jana asubuhi niliwasha redio. Uwesu alisema wimbo ni wa cherehani. Zakayo akacheka mpaka Leticia akamwomba asogee mbali na maikrofoni. Uwesu akaeleza habari za Songea, na alipofika kwenye ile kona akasema, "Aliyekuwa anashona ni Zulekha binti Bakili. Nilimpita." Leticia akauliza, "Mama, una lolote la kusema?"

"Ninalo," Zulekha akasema. "Nashona magauni, vitenge na sare. Tupo Mchafukoge, baraza ya duka la vitambaa. Muulizieni Zulekha. Huyu atabaki kushona vifungo."